Jeni Imepatikana, Imelinganishwa na Nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu vinasaba na magonjwa yalikuwa mengi safari hii. Tumechagua saba na kuyafupisha. Yaliyofanana tumeyajibu pamoja.

Mimi na mke wangu sote ni AS. Tumejaliwa watoto watatu, hakuna mwenye selimundu. Wazee wanasema mmoja kati ya wanne lazima augue. Je, wa nne ndiye? – Baba wa watatu

Hapana. Ile 1 kati ya 4 si foleni, kwamba watatu wakishapita wa nne ndiye anashikwa. A ni himoglobini ya kawaida na S ni ya selimundu; AS ni mbebaji, SS ndiye mgonjwa. Kila mimba huanza upya: baba anatoa A au S, mama naye anatoa A au S, na mbegu haijui ndugu zake walichukua nini. Mimba ya nne ina robo ya SS, nusu ya AS na robo ya AA, kama ilivyokuwa ya kwanza. Kupata watatu bila mgonjwa si muujiza wala si deni la kulipwa baadaye: robo tatu mara robo tatu mara robo tatu ni 27 kati ya 64, karibu asilimia 42 ya wazazi walio kama nyinyi. Hata wanne bila mgonjwa hutokea kwa asilimia 32 hivi.

Kuna jambo hukuuliza nalo lina uzito. Mtoto asiye SS bado anaweza kuwa na S moja. Ukishaondoa SS zinabaki nafasi tatu zilizo sawa, na mbili kati ya hizo ni AS. Kila mmoja wa watoto wenu ana 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji, na anapaswa kujua kabla hajafika umri wa kuoa au kuolewa.

Angalieni pia ni kipimo gani kitatumika. Kile cha haraka, ambapo damu inatiwa kwenye tyubu ya maji ya dawa na kuwekwa mbele ya karatasi yenye mistari, kinasema tu kama S ipo: maji yakichafuka mistari haionekani. Hakitofautishi AS na SS. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hakuna kitu, kwa kuwa bado amejaa himoglobini ya kichanga. Hakioni himoglobini C wala talasemia ya beta (upungufu wa kurithi wa himoglobini), ambazo zikikutana na S nazo huleta ugonjwa. Ombeni elektroforesi ya himoglobini au HPLC, zinazoonyesha kila aina na kiasi chake. AS wa kawaida ana A nyingi kuliko S, na S yake huwa kati ya asilimia 35 na 40. Akionekana mtu ambaye S imeizidi A na hajaongezewa damu, mashaka ya kwanza ni S pamoja na talasemia ya beta. Na aliyeongezewa damu karibuni asipimwe kwa njia hii hadi ipite miezi mitatu au minne, maana seli nyekundu huishi siku 120 hivi na damu ya mchangiaji humfanya SS asomeke kama AS.

Kama jeni ya selimundu inaua, kwa nini haikufutika zamani? – Mwalimu wa baiolojia

Kwa sababu anayelipa na anayefaidi si mtu yuleyule. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba watu wa AS wanakingwa dhidi ya malaria, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Chukua S iwe na wingi wa 0.1 katika jamii. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908, inayokadiria aina za watu kutokana na wingi wa jeni, kati ya watoto 1,000 watakaozaliwa, 810 watakuwa AA, 180 AS na 10 SS. Hao 10 wanapoteza, hao 180 wanalindwa. Palipo na malaria nyingi hesabu hiyo inaibakiza S. Malaria ikiondoka, S huanza kupungua, lakini polepole sana, kwa vizazi.

Mfano wa pili ni jeni ya APOL1, uliotangazwa mwaka 2010. Kuna matoleo yake mawili, G1 na G2, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Yanasaidia kupambana na vimelea vya malale, lakini mwenye nakala mbili ana uwezekano mkubwa zaidi wa figo kuharibika. Wengi wenye nakala mbili figo zao hubaki salama, kwa hiyo asiyaone majibu hayo akaanza kujiandaa kwa kifo.

Nasoma afya ya jamii, mwaka wa pili. Tunasikia "wanasayansi wamegundua jeni ya kisukari" au ya moyo. Kwa vitendo, kazi hiyo inafanywaje, na inaharibikia wapi? – Mwanafunzi

Swali hili tungelipa toleo zima. Tutajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla ya sindano yoyote, mtafiti anaandika nani ni mgonjwa na nani si mgonjwa. Wengi hudhani hapa ni rahisi. Kisukari kwa kipimo gani, kilichopimwa mara ngapi, na cha aina ipi? Ukiwachanganya wa aina ya kwanza na ya pili, jeni itakayojitokeza kwa nguvu itakuwa ya kundi la HLA (jeni za kinga ya mwili), nayo inahusu aina ya kwanza. Utaandika makala ya kupotosha kwa data sahihi. Walinganisho, yaani wale wasio wagonjwa, nao watoke katika jamii ileile iliyotoa wagonjwa. Kanuni ya zamani ya epidemiolojia haijazeeka: mlinganisho ni mtu ambaye, kama angeugua, angeingia kwenye orodha yako ya wagonjwa.

Idadi inategemea ukubwa wa athari. Mwaka 2005 wagonjwa 96 na walinganisho 50 walitosha kuifichua jeni ya CFH katika ugonjwa wa macho wa uzeeni, kwa sababu wenye nakala mbili walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 7. Bahati kama hiyo ni adimu. Miaka miwili baadaye utafiti mkubwa wa Uingereza ulitumia wagonjwa 2,000 kwa kila moja ya magonjwa saba, pamoja na walinganisho 3,000, na bado magonjwa mengine yalitoa kidogo sana. Athari nyingi zinaongeza asilimia 10 au 20 tu, na kuziona kunataka makumi ya maelfu ya watu.

Damu: mililita 4 katika tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau. Igeuzwe juu chini polepole mara 8 hadi 10. Usiitikise. Isipochanganywa inaganda, ikitikiswa seli zinapasuka. Tyubu ya kijani ina heparini, na heparini inaikwamisha PCR, njia ya kunakili DNA. Tumeona mijadala mirefu kuhusu mashine mbovu wakati kosa lilikuwa rangi ya kifuniko. DNA haitoki kwenye seli nyekundu, kwani zilizokomaa hazina kiini, bali kwenye zile nyeupe. Mililita 1 hutoa takriban mikrogramu 20 hadi 40, na chipu ya kusoma vinasaba huhitaji kama nanogramu 200, kwa hiyo akiba ipo. Uwiano wa mwanga wa 260 kwa 280, unaoonyesha usafi wa DNA, uwe karibu na 1.8, ukishuka sana kuna protini iliyobaki. Ukishagandisha, gawa kwenye vichupa vidogo mapema, kwa sababu kuyeyusha na kugandisha tena na tena hukatakata nyuzi za DNA.

Kisha sahani ya vishimo 96, safu 8 kwa 12. Hapa ndipo tafiti nyingi hujeruhiwa kimyakimya. Ukiweka wagonjwa sahani ya 1 hadi 10 na walinganisho sahani ya 11 hadi 20, tofauti yoyote ya joto, ya kemikali au ya mkono wa fundi itageuka kuwa "jeni ya ugonjwa". Wachanganywe kwa bahati nasibu ndani ya kila sahani. Na sahani inaweza kugeuzwa bila mtu kujua, A1 ikakaa mahali pa H12, na sampuli zote 96 zikabadilishana majina. Dawa yake ni nyepesi: acha kishimo kimoja kitupu, mahali tofauti katika kila sahani, kiwe alama. Kisha linganisha jinsia iliyoandikwa kwenye fomu na ile inayosomwa kwenye kromosomu X. Watano wakipishana katika sahani moja, usiwafute watano ukaendelea na kazi. Sahani nzima ina mashaka.

Data ikirudi, huanza uchujaji. Sampuli iliyosomeka chini ya asilimia 98 huondolewa kwa kawaida. Ndugu wa karibu hubaki mmoja. Kila nafasi kwenye kinasaba hupimwa kwa Hardy na Weinberg kwa walinganisho peke yao, kwani kwa wagonjwa uhusiano wa kweli unaweza kuivuruga hesabu. Mfano: walinganisho 1,000, nafasi yenye herufi A au G, na G ina wingi wa 0.1. Unatarajia AA 810, AG 180, GG 10. Mashine inakupa 870, 60 na 70. Hesabu ya G ni ileile, 200 kati ya 2,000, ila watu wa AG wamepotea. Fungua picha yake: badala ya mafungu matatu ya nukta yaliyoachana, fungu la katikati limejipaka hadi kwenye ya pembeni, na mashine imewagawa wale wa katikati huku na huku. Hiyo si biolojia. Ifute.

Halafu asili ya watu. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa jamii za asili za Arizona, Marekani. Waliokuwa na alama fulani ya kingamwili, kisukari kilikuwa kwa asilimia 8. Wasio nayo, asilimia 29. Nani asingesema jeni ya kinga imepatikana? Lakini alama ile ilitoka kwa mababu wa Ulaya. Ilikuwa inapima kiasi cha damu ya Kizungu alichonacho mtu, na wenye damu hiyo nyingi na wenye kidogo walitofautiana pia kwa kisukari. Walipopangwa kwa asili zao, uhusiano karibu wote ukayeyuka. Siku hizi mtafiti huchora mihimili mikuu ya tofauti za vinasaba na kuiingiza kwenye hesabu, mara nyingi 10 ya kwanza. Hilo husaidia. Halitibu uteuzi mbaya wa walinganisho.

Mwisho ni kizingiti. Ukipima nafasi milioni 1 kwa kipimo cha kawaida cha 0.05, yaani kukubali 5 kati ya 100 zijitokeze kwa bahati tu, utapata 50,000 zinazoonekana za maana bila hata moja kuwa ya kweli. Ndiyo maana kizingiti ni 0.05 gawa kwa milioni 1, yaani 0.00000005. Na ikipita, irudiwe kwa watu wengine kabisa. Tarajia athari ipungue katika marudio, kwa kuwa ile ya kwanza ilionekana kwa sababu ilibahatika kukadiriwa juu. Nafasi iliyopita huwa ni alama ya mtaa tu, mara nyingi iko nje ya jeni yoyote. Kuijua nyumba yenyewe ni kazi nyingine ya miaka.

Gazeti limesema jeni fulani "inaongeza saratani mara mbili". Niogope? – Msomaji wa kawaida

Uliza mara mbili ya ngapi. Kama bila jeni wanaugua 1 kati ya 1,000, ukiwa nayo ni 2 kati ya 1,000, na 998 hawaugui. Sasa weka pembeni BRCA1, ambayo Mary-Claire King aliionyesha mahali pake kwenye kromosomu ya 17 mwaka 1990. Mwanamke mwenye hitilafu katika jeni hiyo ana takriban asilimia 72 ya kupata saratani ya matiti kufikia miaka 80. Huyo anahitaji daktari na mpango wa uchunguzi. Wewe wa 2 kati ya 1,000 unahitaji gazeti bora.

Tuliambiwa kolesteroli mbaya ishuke na nzuri ipande. Sasa nasikia ile nzuri haisaidii. Wanasayansi wanajuaje, au wanabahatisha? – Mgonjwa wa moyo

Zamani walifuatilia makundi. Utafiti wa Framingham ulioanza mwaka 1948 na watu 5,209 ulikuwa wa aina hiyo, na huko wenye HDL nyingi, ile "nzuri", waliugua moyo kidogo. Tatizo ni kwamba mwenye HDL nyingi mara nyingi pia hana kitambi, havuti sigara na anafanya mazoezi. Kipi kimemkinga?

Jeni hutoa njia ya kukwepa mtego huo. Toleo unalorithi hugawiwa kwa bahati wakati wa kutungwa mimba, kabla hujawahi kushika sigara, kwa hiyo waliolirithi na wasiolirithi wanalingana kwa karibu mambo mengine yote, kana kwamba wamepigiwa kura. Tazama jeni ya PCSK9. Mwaka 2003 familia za Ufaransa zilizokuwa na kolesteroli ya juu sana zilikutwa na PCSK9 inayofanya kazi kupita kiasi. Kisha watafiti wa Dallas wakageuza swali: wapo ambao yao imezimika? Mwaka 2006 ilichapishwa kwamba kati ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na toleo lililozimika. LDL yao, ile kolesteroli "mbaya", ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 88. Dawa za kuizuia protini inayotengenezwa na jeni hiyo ziliidhinishwa mwaka 2015.

HDL ilipopitishwa njia hiyohiyo ilianguka. Mwaka 2012 ilionekana kwamba waliorithi toleo la jeni ya LIPG linalopandisha HDL hawakupata nafuu yoyote ya shambulio la moyo. Dawa za kuipandisha nazo zilikuwa zimeanza kushindwa. Moja, torcetrapib, ilisimamishwa mwaka 2006 baada ya vifo kuzidi kwa waliopewa.

Njia hii ina udhaifu wake: jeni moja ikifanya kazi mbili, huwezi kujua ipi imeleta matokeo. Mtafiti makini hutumia jeni kadhaa za njia tofauti na kuona kama zinaelekea upande mmoja. Kwa dawa zako, usiache wala kuongeza kitu bila daktari wako. LDL bado ndiyo ya kushusha.

Urefu unarithiwa kwa asilimia 80. Maana yake katika sentimita zangu 170, 136 ni za wazazi? – Mpenda hesabu

Hapana, ingawa hesabu umeipiga vizuri. Asilimia 80 inaeleza tofauti kati ya watu wa kundi moja, haigawi mwili wa mtu. Hupatikana kwa kulinganisha pacha wanaofanana kabisa na wasiofanana: chukua kiwango cha kufanana cha wa kwanza, toa cha wa pili, zidisha kwa 2. Ukiipima katika kundi ambalo nusu walikua na njaa, asilimia hiyo itabadilika bila jeni hata moja kubadilika. Na kurithiwa si kushindikana: ugonjwa wa PKU, ambapo mwili hushindwa kuvunja fenilalanini (sehemu ya protini za chakula), hurithiwa, lakini mtoto akigunduliwa kwa tone la damu siku za mwanzo na kupewa chakula chenye fenilalanini kidogo, akili yake hukua salama.

Vipimo vya mate vya kuagiza nyumbani vinaaminika? Na je, mtu aliyewekewa uboho wa mtu mwingine anaweza kuvitumia? – Wasomaji wawili

Mate yenyewe si tatizo. Usile, usinywe, usivute sigara wala kutafuna chochote kwa dakika 30. Jaza hadi kwenye mstari, povu lisihesabiwe, kisha ufungue dawa ya kuhifadhi na uchanganye vizuri. Sehemu ya DNA itakayopatikana ni ya bakteria wa mdomoni, hivyo kipimo cha wingi wa DNA kinaweza kukuambia una nyingi kuliko uliyonayo.

Kinachotia shaka ni majibu. Alama ya jumla ya uwezekano wa ugonjwa, inayojumlisha maelfu ya nafasi, imejengwa zaidi kwa data ya watu wenye asili ya Ulaya. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa wenye asili ya Afrika usahihi wake hushuka karibu mara 4.5. Na mabadiliko adimu yanayosomwa na chipu mara nyingi si ya kweli: katika utafiti wa mwaka 2018, asilimia 40 ya yaliyopelekwa maabara ya hospitali kuhakikiwa hayakuwepo. Jibu la kutisha lirudiwe kwa damu mpya, katika maabara ya tiba, kabla ya uamuzi wowote. Jibu la kutuliza nalo lisikulevye, kwani kipimo kinaweza kuwa kimetazama mabadiliko machache tu kati ya maelfu yanayojulikana katika jeni hiyo.

Aliyewekewa uboho asitumie mate wala damu. Damu yake sasa inatengenezwa na seli za mchangiaji, na mate yamejaa seli nyeupe za damu, kwa hiyo jibu litakuwa la mchangiaji au mchanganyiko wa watu wawili. Maabara huchukua kipande kidogo cha ngozi na kuotesha seli zake, au mizizi ya nywele. Amwambie mpimaji kabla sampuli haijachukuliwa, maana fomu nyingi haziulizi.